Tumbo langu na sinia la mama mkwe

Asalaam aleikum, mshauri.

Nina miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne, na tunaishi na mama mkwe na wifi yangu. Nimekuwa nikisoma tu barua za wenzangu, leo nimeona na mimi niandike maana sijui tena nishike lipi.

Karibu mwaka wa pili sasa tumbo linanitesa. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nakunywa chai ya maziwa na maandazi, mara nyingi na mbaazi za nazi. Ikifika saa mbili na nusu nipo darasani, tumbo linanguruma na kusokota, na kuna siku nawapa watoto kazi ya kunakili ubaoni ili nikimbilie chooni. Mchana linajaa gesi hadi jioni sketi haifungi. Siku nyingine naendesha mara tatu, siku nyingine choo hakitoki kabisa. Nimepewa dawa za amiba mara nne, mbili kati ya hizo bila hata kupimwa choo. Nimepewa na za vidonda vya tumbo. Natulia wiki moja, linarudi.

Mwezi Mei wifi alinipeleka kwenye duka moja la virutubisho. Wakanitoa damu kidoleni, baada ya siku chache wakanipa karatasi yenye vyakula 38 ambavyo wanasema mwili wangu unavikataa. Maziwa, ngano, mayai, nazi, mbaazi, maharage, nyanya, vitunguu, samaki, ndizi, yaani karibu kila ninachokula kimo. Nililipa fedha nyingi, na mume wangu hajui kiasi chote. Wakasema niviache miezi sita mwili ujisafishe, na ninunue unga wao wa kunywa asubuhi.

Nilianza likizo ya Juni. Wiki tatu nilikula wali mweupe, kuku wa kuchemsha na mchicha wenye chumvi tu. Mshauri, tumbo lilitulia! Lakini nilipungua kutoka kilo 58 hadi 55 na nilikuwa nachoka upesi. Julai shule ikafunguliwa, Jumamosi ya kwanza tukaenda harusini, nikala pilau, nikanywa soda mbili. Usiku ule sikulala kwa tumbo. Nikajua kumbe karatasi inasema kweli. Nataka kuanza upya, safari hii nisionje hata kidogo.

Shida ni nyumbani. Sisi tunakula sinia moja na mama ndiye mpishi. Siku nilipojipakulia pembeni alinyamaza, kesho yake nikamsikia akimwambia jirani, "Mkaza mwanangu anaona chakula changu kina sumu." Mume wangu anasema ni mawazo tu. Tunatafuta mtoto wa pili, kwa hiyo kila nikisukuma sahani nyumba nzima inadhani ni mimba.

Mwanangu naye hulalamika tumbo mara moja moja. Nafikiria nimwachishe maziwa na mayai mapema, asije akapitia haya.

Je, nifuate karatasi hata kama nyumba itanuna? Au nile na wenzangu niumie kimya? Na kama ni kuacha vyakula, naanzia wapi?

Mwenye Tumbo Zito, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Pole sana. Miaka miwili ya kusimama mbele ya darasa ukihesabu dakika za kufika chooni inachosha mwili na inaumiza heshima ya mtu, na inauma zaidi watu wa nyumbani wanapokuambia ni mawazo. Maumivu yako ni ya kweli. Hata pale vipimo vyote vinapotoka safi, gesi inayovuta utumbo inauma kweli.

Nikiisoma barua yako naona mambo mawili yamefungwa kwenye fundo moja. Kuna tumbo linalotaka kujulikana haliwezani na nini, na kuna sinia ambalo ukilikwepa unaonekana umemkwepa aliyelipika. Umejiwekea njia mbili tu, kufuata karatasi au kuumia kimya. Nadhani zipo nyingine. Kwanza niruhusu niguse mambo matatu ambayo umeyachukulia kuwa yamekwisha thibitika.

La kwanza ni karatasi yenyewe. Hukutaja walipima nini, lakini vipimo vya damu ya kidoleni vinavyotoa orodha ndefu namna hii kwa kawaida hutafuta kingamwili za IgG, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu. Chama cha wataalamu wa mzio cha Ulaya, EAACI, kilieleza mwaka 2008 kwamba IgG4 ya chakula, ambayo ni aina mojawapo ya IgG, huonyesha mwili umekutana na chakula hicho, wala si dalili kwamba kinamdhuru mtu. Tazama tena ulichoandika mwenyewe: karibu kila unachokula kimo. Mtu wa Tanga akipimwa alichozoea, mbaazi, nazi na samaki lazima zitokee. Huenda kwenye 38 hizo kimo kimoja au viwili vinavyokusumbua kweli, ila karatasi haiwezi kukuambia ni vyakula gani.

La pili ni zile wiki tatu. Kutulia kwako ni habari muhimu na siibezi. Lakini hesabu yaliyobadilika kwa mpigo: maziwa, ngano, mbaazi, vitunguu, nazi na mafuta vyote vilitoka, ukala kidogo hadi ukapungua kilo tatu, na ilikuwa likizo, hakuna kengele wala haraka ya alfajiri. Utumbo hupokea amri kutoka kwenye ubongo, na mwalimu anayeogopa kipindi cha kwanza ana utumbo unaokimbia. Ile Jumamosi ya harusi nayo, pilau lina vitunguu vingi, thumu na mafuta, soda ina sukari na gesi, na shule ilikuwa imeshafunguliwa. Ukirudisha pilau umerudisha vitu vingi kwa mkupuo, na tumbo likikataa huwezi kujua limekataa kipi.

La tatu nitalirudia mbele, linamhusu mama.

Kabla ya kuondoa chakula kingine chochote, ningependa uonane na daktari, na sababu zipo. Umetibiwa amiba mara mbili bila kipimo. Kuna kijidudu kingine, giardia, kinachojaza gesi na kuharisha, na kikikaa kinaharibu kwa muda uwezo wa utumbo kusaga sukari ya maziwa. Mtu anaacha maziwa, anapata nafuu, anajiona mgonjwa wa maziwa, kumbe mzizi uko kwingine. Giardia haitoki kwenye kila choo, ndiyo maana inafaa kupeleka sampuli tatu za siku tofauti. Muombe pia wapime wingi wa damu. Na ngano ina jambo lake: upo ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni ya ngano hufanya mwili ushambulie utumbo wake. Kipimo chake cha damu hudanganya kama mtu ameacha ngano. Inatakiwa uwe unakula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki sita hivi kabla ya kupimwa. Ukiacha ngano leo kwa bidii unayoisema, unaifuta alama ambayo daktari angeitafuta. Uliza hospitali ya rufaa kama wanacho kipimo hicho.

Usingoje safu hii wala majaribio nitakayoyataja, nenda kwa daktari mara moja ukiona damu kwenye choo, homa, kutapika kusikokoma, uzito unaendelea kushuka ilhali unakula, au kuhara kunakokuamsha usingizini. Na kama chakula fulani kimewahi kukuvimbisha midomo, kukutoa vipele vya ghafla au kukubana pumzi, huenda huo ni mzio. Chakula hicho hakijaribiwi nyumbani, hata kijiko kimoja.

Sasa tuseme vipimo vimetoka safi.

Njia ya kwanza haiondoi chochote. Daftari la wiki moja au mbili: saa, ulichokula na kiasi chake, dalili kwa alama 0 hadi 10, choo, usingizi, dawa, siku za hedhi. Hapo hapo unabadilisha namna ya kula. Mbaazi zilowekwe usiku kucha, kwa muda wa saa 12 hivi, maji yamwagwe, zichemshwe kwa maji mapya, kwa sababu sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka na maji yale. Ule nusu kikombe cha mbaazi badala ya bakuli. Uamke robo saa mapema ili chai isimezwe mbio. Uzuri wa njia hii ni kwamba haimgusi mtu jikoni. Ubaya wake ni kwamba haina haraka, na unaweza kupata nafuu nusu bila kujua ni nini hasa kilichosaidia.

Unapoandika daftari, angalia saa kwa makini. Maziwa kwa mtu asiyeyaweza huanza kusumbua baina ya nusu saa na saa mbili. Mbaazi, maharage na vitunguu huchelewa, vinasubiri kufika utumbo mpana ambako bakteria huvichachua, mara nyingi baada ya muda wa saa nne na zaidi, hata kesho yake. Kwa hiyo chakula cha mwisho kuliwa kinaweza kulaumiwa bure. Msokoto wako wa saa mbili na nusu unaangukia kwenye muda wa maziwa, lakini unaweza pia kuwa wa maharage ya jana usiku. Na chai ya moto kwenye tumbo tupu huamsha choo kwa watu wengi, iwe na maziwa au la.

Njia ya pili ni kuuliza swali moja tu, nalo ni maziwa. Wiki mbili chai ya rangi, hakuna maziwa ya unga, hakuna aisikrimu, na uulize kama maandazi yamekandwa kwa maziwa. Samli haina shida, sukari ya maziwa karibu yote imeshatoka. Vingine vyote, mbaazi kwa vitunguu, unaendelea kula kama kawaida. Usipoona tofauti yoyote, maziwa yana uwezekano mdogo wa kuwa ndiyo tatizo, yarudishe kikombeni. Ukiona tofauti, bado hujamaliza. Lazima uyarudishe kwa makusudi. Siku ya kwanza robo kikombe, ya pili nusu, ya tatu kikombe kizima cha mililita 250, ambacho kina laktosi, ile sukari ya maziwa, kama gramu 12. Yanywe peke yake, maana chakula hupunguza mwendo wa maziwa na kuficha jibu. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa kimeng'enya cha kusaga laktosi baada ya utoto, na bado wengi wao huweza kikombe kimoja wakinywa pamoja na chakula, au mtindi, ambao bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Ukikuta nusu kikombe ni salama na kikombe kizima ni taabu, umepata kipimo chako, na chai ya maziwa haijafa.

Njia ya tatu ni pana na ndiyo ngumu. Chuo Kikuu cha Monash cha Melbourne, Australia, kilikusanya sukari zinazochachuka upesi utumboni kwenye kundi linaloitwa FODMAP, na utaratibu wake una hatua tatu: kupunguza kundi zima kwa wiki 2 hadi 6, kurudisha moja moja, kisha kujipangia mlo wa kudumu. Kwa jikoni ya kwenu maana yake ni kuweka kando vitunguu maji, thumu, ngano, mbaazi, maharage, maziwa, embe na tikiti. Vinabaki wali, ugali wa sembe, viazi mviringo, ndizi mbichi za kupika, samaki, kuku, mayai, mchicha, karoti, bilinganya, tangawizi, na papai, nanasi au chungwa kwa kiasi. Ona jinsi meza hii ilivyo nono kuliko wali na kuku wa kuchemsha; samaki na mayai, vilivyokatazwa kwenye karatasi yako, vimo. Nazi itumike kwa kiasi, kwa kuwa tui zito lina mafuta mengi na hayo nayo huamsha baadhi ya matumbo.

Ladha usiikose. Sukari za thumu na kitunguu huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa vya thumu kwenye mafuta, vitoe vyote kabla ya kutia nyanya au maji, mafuta yabaki na harufu yake. Yatumie siku hiyo hiyo, mafuta ya thumu yasiwekwe kabatini, yanaweza kuotesha vijidudu vya sumu. Majani ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu, yanafaa. Wanaofuata njia hii kwa uaminifu mara nyingi huangushwa na vitu vidogo: kipande cha kiungo cha supu, bizari ya mchuzi ya pakiti, soseji, vyote huweza kuwa na unga wa kitunguu. Hata ule unga wa dukani, soma maandishi yake. Ukiona inulini, ambayo ni nyuzi za mimea zinazochachuka utumboni, au unga wa maziwa, unakunywa kila asubuhi kile kile unachojaribu kukikimbia.

Kama wiki nne zimepita na hakuna nafuu, njia hii haikuwa yako, rudi kwenye chakula cha kawaida. Kama nafuu ipo, kazi ndiyo inaanza, na hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu mtu aliyepata raha anaogopa kuivuruga. Mlo wa msingi unabaki vile vile hadi mwisho wa majaribio, unaongeza kitu kimoja kwa siku tatu, kiasi kikipanda. Kitunguu kilichopikwa: kijiko kimoja cha chakula, kesho viwili, keshokutwa nusu kitunguu. Thumu: robo punje, nusu, nzima. Mbaazi: vijiko viwili, robo kikombe, nusu kikombe. Mkate: slesi moja, mbili, tatu. Dalili zikija wazi wazi, simama hapo hapo, andika kiasi kilicholeta. Pumzika siku tatu za mlo wa msingi, au hadi tumbo litulie kabisa, ndipo uende kwenye kingine, hata kama kilichopita hakikuleta neno. Usijaribu siku za karibu na hedhi, wakati wa mitihani, wala Ramadhani ambapo saa na kiasi cha kula hugeuka. Kilichokataa, kijaribu tena baada ya wiki chache kabla ya kukihukumu. Hofu peke yake yaweza kusokota tumbo. Kwa ujumla ni miezi miwili hadi mitatu, na hatari yake ni ulaji kuwa finyu na uzito kushuka. Umeshapoteza kilo tatu, kwa hiyo ukichagua njia hii ningeomba uende nayo kwa ofisa lishe wa hospitali. Jipime kila wiki. Ukikosa maziwa na maharage, dagaa anayeliwa na mifupa yake hukupa kalsiamu na protini.

Mpango wa mtoto wa pili unabadilisha hesabu. Miezi ya kutafuta mimba si miezi ya kuishi kwa vyakula vitatu. Asidi foliki mikrogramu 400 kwa siku hushauriwa tangu kabla ya mimba, na mimba ikiingia katikati ya majaribio, yasitishe, ule vizuri, uende kliniki. Mnaweza kuamua majaribio yatangulie, au kumtafuta mtoto sasa na kujaribu maziwa peke yake. Ni uamuzi wenu wawili.

Kwa mwanao, hapa nakuomba usimame kidogo. Mtoto wa miaka minne anakua kwa maziwa na mayai hayo hayo, na hakuna kitu kwenye barua yako kinachoyashtaki. Mpeleke apimwe choo, uzito na urefu. Watoto wa umri wake huumwa tumbo kwa minyoo, kwa choo kigumu, na wakati mwingine kwa kumuona mama akiumwa tumbo kila siku.

Nirudi kwa mama. Umenieleza alichomwambia jirani. Hukunieleza wewe ulimwambia nini siku ile ulipojipakulia. Inawezekana aliona mgongo wako tu, akajaza mwenyewe maneno yaliyokosekana? Mpishi ambaye chakula chake kimewekwa kando bila sababu kutajwa atatafuta sababu, na ya karibu ndiyo hiyo aliyoisema.

Huna lazima ya kuondoka kwenye sinia. Wali hauna kosa katika njia yoyote niliyoitaja. Kitunguu kiko kwenye mchuzi. Unaweza kula wali ule ule upande wako, na mchuzi wako ukachotwa kwenye sufuria kabla kitunguu hakijaingia, ukamaliziwa kwa karoti na tangawizi. Anayejua dakika hiyo ni yeye. Pengine akiombwa, "Mama, naomba unisaidie kulipima tumbo langu, wiki mbili tu, nianze na maziwa," atajiona mwenye kazi badala ya mshitakiwa. Pengine pia atalipeleka kwa jirani, na utapewa kikombe cha dawa ya mitishamba usichokiomba. Wewe ndiye unayemjua. Kama unaona ni vigumu kuanza naye, wifi alikuwepo tangu mwanzo wa safari hii, anaweza kukutangulia.

Mume wako anayesema ni mawazo hajaona daftari, na hajui bei ya karatasi. Huenda yote mawili yakawa rahisi kumweleza siku moja, ukiwa na wiki mbili zilizoandikwa mkononi: saa hii, chakula hiki, alama saba kati ya kumi, mara tatu chooni.

Niandikie utakapokuwa na majibu ya choo, au hata bila hayo, uniambie mama alijibu nini.